Mdogo wangu, usiwafundishe watu kunyamaza

Mdogo wangu,

Nimesikia darasa lako la meditesheni limejaa mpaka watu wanasubiri zamu. Nimefurahi, wala sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangu utotoni ulijaliwa sauti ya kumtuliza mtu. Baba akiwa amekasirika, ni wewe uliyekuwa ukitumwa kumwita mezani. Ninaandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei.

Unachofundisha nakijua, maana mimi ndiye niliyeanza. Ulikuwa ukinicheka ukinikuta alfajiri nimekaa kitini, nyayo sakafuni, nafuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikitoroka, unaona ilikokwenda, unairudisha bila kujikaripia. Basi. Ikitoroka tena, unairudisha tena. Hakuna anayekudai uwe na furaha wakati huo.

Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa meditesheni wa Marekani, alipoanzisha programu yake ya meditesheni mwaka 1979, katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, wengi aliowapokea walikuwa na maumivu sugu ambayo matibabu ya kawaida hayakuyamaliza. Hakuwaahidi kuyaondoa. Aliwalaza chali, wapitishe umakini mwilini polepole, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini, na wakifika panapouma wakae napo hapo hapo panapouma. Nyumbani walitakiwa kufanya hivyo dakika 45 kwa siku. Wewe haya unayajua kuliko mimi. Ndiyo maana siku ile ya msiba wa mama inanikaa rohoni.

Nilikuwa nimekaa chini mlangoni mwa chumba chake, nimeshika miwani yake, ile yenye mkono uliofungwa uzi mweusi. Kilio kikanijia. Ukachuchumaa mbele yangu, ukaniwekea kiganja kifuani, ukasema kwa sauti yako ya darasani: "Dada, rudi kwenye pumzi. Iache ipite." Chumba kizima kikanyamaza, watu wakanitazama. Kiganja chako kilikuwa pale pale pumzi ilipokwama. Nikanyamaza. Shangazi akakusifu eti umeniweza.

Ipite iende wapi? Mama tulikuwa ndiyo kwanza tumemzika!

Mtu mwenye msiba mbichi, au aliyenusurika kwenye ajali, au aliyekuwa akipigwa nyumbani, ukimwambia afumbe macho afuate pumzi, unaweza kumfungia ndani pamoja na kile kile anachokikimbia. Hofu yake iko hapo hapo kifuani. Mwalimu anayejali humruhusu afumbue macho, asikilize sauti za nje, ahisi uzito wa miguu yake sakafuni, au ainuke aondoke bila kuulizwa. Wapo waliozidiwa na wasiwasi katikati ya mafunzo ya kimya ya siku nyingi, na watafiti wameliandika hilo. Hata ile tiba ya wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, inayotumia meditesheni kuzuia sonona isirudi, waliiunda kwa ajili ya watu waliokwisha kupata nafuu. Hawakuiunda kwa mtu aliye katikati ya kilio. Wewe ulinikuta katikati.

Najua utalalamika nimekuanika mbele za watu. Wewe ulinianika kwanza, tena mbele ya watu waliotulea. Nilipoondoka kabla wageni hawajatawanyika, uliwaambia nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilitafuta mahali pa kulia ambapo hakuna mtu wa kunielekeza namna ya kupumua, na mtoto yeyote aliyefiwa na mama yake angefanya hivyo hivyo. Wanaosema nilikimbia msiba hawakuwa na mkono wa mtu kifuani.

Lakini una kipaji, mdogo wangu, na wanaokuja kwako wanakuamini. Kwa hiyo wapokee mmoja mmoja kabla hawajakaa. Muulize kila mtu kwa faragha anatoka wapi na moyo wake, kisha mwambie macho si lazima yafumbwe. Na mtu akilia, usimguse mpaka akubali, wala usimpe maelekezo. Mimi ningetaka ukae kando yangu tu, nilie mpaka nimalize.

Dada yako