Majibu ya kolesteroli: usiishie kwenye ile namba ya jumla

Watu wengi tukiwapa majibu ya kolesteroli hapa maabara wanakimbilia mstari wa kwanza tu, wakiona namba ya jumla imewekewa alama pembeni presha inapanda hapohapo, wasipoiona wanakunja karatasi na kuondoka zao. Wote wamewahi mno.

Kwanza angalia yuniti. Maabara zingine zinaandika mg/dL na zingine mmol/L, so mtu anakuja na 193 ya zamani na 5.0 ya leo anafurahi imeshuka sana, kumbe ni kiasi kilekile. Kutoka mg/dL kwenda mmol/L unagawa kwa 38.67, ila trigliseraidi (mafuta mengine ya kwenye damu yanayopimwa pamoja na kolesteroli) wana hesabu yao, hao unagawa kwa 88.57. Hapa chini natumia mmol/L.

Sasa hiyo jumla. Kwa kawaida inatakiwa iwe chini ya 5.2, lakini ndani yake kuna LDL, inayoganda kwenye kuta za mishipa taratibu kwa miaka, na kuna HDL, inayosaidia kurudisha kolesteroli kwenye ini, zote zimejumlishwa pamoja. Chukua watu wawili, kila mmoja jumla yake ni 5.6. Wa kwanza HDL ni 2.0, wa pili ni 0.9. Toa HDL kwenye jumla, wa kwanza anabaki na 3.6 na wa pili 4.7, na hiyo inayobaki ndo mzigo wote unaoweza kuziba mishipa. Wengi wanashauriwa isizidi 3.4, kwahiyo wa kwanza kapita kidogo tu na wa pili kapita mbali, na mstari wa kwanza wa ripoti zao unafanana kabisa! Mimi hii hesabu ya kutoa naipenda kuliko zote maana haihitaji mashine wala kufunga kula, na ripoti nyingi wala hazikuandikii.

LDL yenyewe, chini ya 2.6 ni nzuri, kuanzia 4.1 iko juu, na ikifika 4.9 usisubiri, nenda kwa daktari hata kama unajisikia mzima kabisa, maana kolesteroli haiumi, na namba kubwa hivyo mara nyingine ni ya kurithi, hapo wazazi, ndugu na watoto wako nao wapime. Alafu hii ndo sehemu inayochanganya watu, hizo namba sio za kila mtu. Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi daktari anaweza kutaka LDL yake iwe chini ya 1.8 au hata 1.4, so ripoti inaweza isiwe na alama yoyote nyekundu na bado kwake iko juu. Mwenye kisukari, presha, anayevuta sigara au mwenye ugonjwa wa figo naye asijilinganishe na jirani yake.

HDL kwa mwanaume ikiwa chini ya 1.0 na mwanamke chini ya 1.3 ni ndogo. Ila usitafute kidonge cha kuipandisha, dawa za hivyo zilishajaribiwa, HDL ikapanda kweli na mashambulio ya moyo hayakupungua.

Trigliseraidi inatakiwa chini ya 1.7. Hii ndo inayoyumba ukila, pombe na sukari nyingi pia zinaipandisha, ikizidi 5.6 kongosho linakuwa hatarini. Na ikipita 4.5 ile LDL iliyokokotolewa kwa hesabu haiaminiki tena (maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa kutoka kwenye hizo namba zingine), hapo omba ipimwe yenyewe.

Kuhusu kufunga, siku hizi kipimo cha kwanza mara nyingi sio lazima ufunge. Trigliseraidi ikitoka juu ndo tunakuomba urudi ukiwa hujala masaa 9 mpaka 12, maji unakunywa tu. Ukiwa mjamzito namba zinapanda zenyewe, ukiwa umetoka kuumwa sana zinaweza kushuka kwa muda, na tezi ya shingo ikiwa mvivu LDL inapanda hata kwa mtu anayekula vizuri. Tuambie hayo kabla hatujatoa damu, pamoja na dawa unazotumia.

Kwa walioanza statini (dawa za kushusha kolesteroli), kipimo cha kurudia ni baada ya wiki 4 mpaka 12. Zikishuka manake dawa inafanya kazi, sio kwamba umepona uiache, ukiiacha ini linarudi kwenye kasi yake ya kutengeneza kolesteroli na namba zinapanda tena. Kama inakuletea maumivu ya misuli rudi kwa aliyekuandikia, kuna dozi ndogo na kuna dawa zingine. Ukija kurudia njoo na karatasi ya mwanzo, hata kama ni ya maabara nyingine, tutaweka yuniti sawa na kukuonyesha namba ya zamani na mpya zikiwa pamoja.