Msiwafute waliosema hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya Jumapili iliyopita kuhusu Katiba ya Marekani. Mwandishi alisema waasisi wa taifa lile walikutana Philadelphia mwaka 1787, wakaelewana, wakatia saini, na wananchi wakaipokea katiba yao "kwa moyo mmoja". Nilifundisha historia sekondari kwa miaka 31 kabla sijastaafu, na maneno hayo matatu siwezi kuyaacha yapite hivi hivi.

Moyo mmoja haukuwepo hata ndani ya chumba chenyewe. Siku ya kutia saini, tarehe 17 Septemba, wajumbe 39 walisaini, lakini watatu waliokuwa wamekaa mle mle walikataa: George Mason na Edmund Randolph wa Virginia, na Elbridge Gerry wa Massachusetts. Siku tano kabla, Mason na Gerry walikuwa wameomba iandikwe orodha ya haki za raia. Hakuna jimbo hata moja lililowaunga mkono.

Kisha ikaja kazi ya kuiridhia. Kila jimbo kati ya 13 liliitisha mkutano wake, na kura za majimbo 9 zingetosha. Pennsylvania ilikimbilia mbele. Wapinzani katika bunge la jimbo waliona wanaharakishwa, wakasusa kikao ili akidi isitimie. Ikapungua kwa watu wawili. Basi kundi la watu likawafuata wajumbe wawili huko walikokuwa wamepanga, likawakokota barabarani mpaka ukumbini na kuwazuia wasitoke. Akidi ikatimia namna hiyo. Mkutano ulipokaa ukapitisha katiba kwa kura 46 dhidi ya 23, na mapendekezo ya marekebisho ya upande ulioshindwa hayakupewa hata heshima ya kuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Naomba msomaji alishike hilo kabla sijafika Boston, kwa sababu Boston mambo yalikwenda njia nyingine.

Mkutano wa Massachusetts ulianza mjini Boston Januari 1788, ukiwa na wajumbe zaidi ya 350, wengi wao wakulima wa vijijini. Humo ndimo alimosimama Amos Singletary wa Sutton, mzee, akasema mawakili, wasomi na wenye fedha wanalainisha maneno ili maskini wasiosoma wakimeze kidonge. Alisema watu hao wanataka kuingia wenyewe katika bunge jipya la taifa ambalo katiba hiyo ingeliunda, washike mamlaka yote na fedha yote, halafu wawameze watu wadogo kama nyangumi alivyommeza Yona. Alikumbusha pia kwamba walipigana na Uingereza kwa sababu ilidai haki ya kuwatoza kodi itakavyo. Sasa, akauliza, mnaileta kodi hiyo hiyo kwa mlango mwingine?

Aliyesimama kumjibu alikuwa mkulima pia, Jonathan Smith wa Lanesborough. Alisema yeye ni mtu wa kawaida, riziki yake inatokana na plau, hajazoea kuhutubia, na anazungumza na wakulima wenzake. Kwao alikotoka alikuwa ameona maasi ya wakulima wenye madeni, yale ya mwaka 1786, watu wakielekezewa bunduki kifuani na kutishiwa kuchomewa nyumba. Alimwonyesha Singletary kwa mkono na kumwita kwa neno la Kiingereza ambalo mimi sikupata namna ya kulitafsiri ila "mzee wangu mheshimiwa". Akasema: mzee wangu huyu hatadhani mimi natafuta ubunge nikameze uhuru wa watu, sijawahi kuwa na cheo na sikitaki. Halafu akauliza, kama wawili watatu wenu mmehangaika kulima ardhi ngumu na kupanda ngano, mtaliacha shamba lipotee kwa sababu hamjapatana ni uzio wa aina gani mjenge?

Hotuba hizo mbili nilizitafsiri mwenyewe, nikazifundisha kidato cha tatu mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa naligawa darasa pande mbili na kuwapa watoto wawili wazisome. Mwaka mmoja nilimpa sehemu ya Singletary binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma. Alisoma mpaka kwa nyangumi, akaishusha karatasi, akawaangalia wenzake na kuendelea kwa maneno yake: "Mkishaingia mle ndani, sisi tutawatoa kwa njia gani?" Darasa likanyamaza. Kijana aliyekuwa Smith akawa na karatasi yake mkononi, na jibu lililoandikwa humo halikumtosha. Hilo ndilo swali lenyewe, Ndugu Mhariri. Binti wa miaka 16 alilifikia bila kusaidiwa, na makala yenu ya ukurasa mzima haikuligusa.

Boston hawakukokota mtu. John Hancock, mwenyekiti wa mkutano, alileta pendekezo kwamba wairidhie katiba na papo hapo wapendekeze marekebisho tisa. Samuel Adams, aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo, akaliunga mkono. Tarehe 6 Februari kura zikahesabiwa: 187 ndiyo, 168 hapana. Singletary alibaki kwenye hapana yake. Wangegeuka watu 10 tu, jimbo hilo lingeikataa katiba. Baada ya matokeo, baadhi ya walioshindwa walisimama mmoja mmoja wakasema wamesikilizwa, na watarudi kwao kuwaomba watu wayapokee. Majimbo mengi yaliyofuata yaliiga njia hiyo ya kuridhia na kudai marekebisho pamoja. New Hampshire ikawa ya tisa mwezi Juni. Virginia ilipitisha kwa 89 dhidi ya 79, New York kwa 30 dhidi ya 27. Rhode Island iliridhia Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, na wakati huo George Washington ameshakuwa rais zaidi ya mwaka mzima.

James Madison wa Virginia, mmoja wa waandishi wakuu wa katiba, ambaye mwanzoni hakuona haja ya orodha ya haki, ndiye aliyewasilisha marekebisho bungeni Juni 1789. Kumi yaliridhiwa Desemba 1791. Uhuru wa dini, wa kusema na wa magazeti, na kinga ya kutopekuliwa ovyo, vyote vimo humo. Hata uhuru ambao magazeti ya kule yanajivunia leo ulidaiwa na watu ambao mwandishi wenu amewaondoa kwenye historia.

Lakini sitaki nami niongope kwa kuwapamba wapinzani. Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyeuliza: na watumwa walisemewa na nani? Katiba ile, katika kugawa viti vya bunge, iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu, na ikalizuia bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa mpaka 1808. Pale Boston alikuwepo mjumbe wa Kittery, James Neal, aliyesema imani yake inamlazimu kupinga chochote kinachofanya miili ya watu kuwa bidhaa, na kwamba hoja hiyo isipoondolewa hawezi kuiunga mkono katiba. Katika yale mapendekezo tisa ya Massachusetts hakuna hata moja lililogusa jambo lake. Halikuingia kwenye yale kumi pia. Iliwachukua miaka 74 zaidi na vita vya wao kwa wao mpaka utumwa ukafutwa katika katiba, mwaka 1865. Nilikuwa naliandika jina la Neal ubaoni kwa herufi kubwa na kuliacha hapo mpaka kengele ilie.

Ombi langu ni dogo. Wanafunzi hukata makala zenu na kuzibandika kwenye madaftari. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwahimiza wafanye hivyo. Tafadhali chapisheni sahihisho toleo lijalo, mahali panapoonekana: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Na kama nafasi ipo, muweke majina ya Singletary, Smith na Neal.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia