Karonga kwa siku moja: makumbusho kwanza, soko baadaye

Mhariri,

Vikoba, kwaya na walimu wa Mbeya na Rungwe siku hizi wanapenda safari ya kwenda Malawi alfajiri na kurudi jioni. Kutoka Uyole hadi daraja la mto Songwe pale Kasumulu, mpakani, ni kilomita mia na ushei, na kutoka hapo Karonga haizidi kilomita 50. Umbali si tatizo. Siku inaliwa na foleni, halafu inamalizwa na kosa la kuanzia sokoni.

Pigeni hesabu. Kikundi cha watu 28, kila mmoja akikaa dirishani dakika 2 tu, ni dakika 56. Kuna dirisha la kutoka Tanzania na la kuingia Malawi, na jioni yote mawili yanarudiwa. Hapo ni saa 3 na dakika 44, na hakuna aliyesahau karatasi. Wanaosahau ndio kawaida. Malawi haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA hakimfikishi mtu Karonga. Inatakiwa pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa. Chanjo hiyo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechomwa Alhamisi kwa safari ya Jumamosi bado hajachanjwa machoni pa ofisa. Mwenye kadi ya zamani asihangaike: tangu 2016 inatambuliwa maisha yote.

Gari likivuka linadai kadi yake halisi, bima ya COMESA (ya gari linalovuka mpaka) na kibali cha muda cha forodha ya Malawi, na dereva asiye mwenye gari abebe barua ya mwenyewe. Kwa safari ya siku moja, Coaster ibaki Kasumulu. Vukeni daraja kwa miguu, mkodi magari ya upande wa pili.

Saa ndiyo inayowachanganya wengi. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja: kwetu ikiwa saa 4 asubuhi, kwao ni saa 3. Asubuhi mnaona mmezawadiwa saa, jioni mnanyang'anywa. Simu nazo zikifika karibu na mto hunasa mnara wa huku, mara wa kule, na saa inaruka mbele na nyuma yenyewe. Chagueni saa moja ya mkononi, ya kiongozi, iwe ndiyo saa ya kikundi. Mkiambiwa mpaka unafungwa saa fulani, ulizeni: saa ya upande upi?

Kituo cha Utamaduni na Makumbusho cha Karonga kipewe saa moja na nusu, tena asubuhi, mikono ikiwa mitupu. Pana mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale ambaye mabaki yake yaligunduliwa wilayani humo mwaka 1924. Wilaya hiyohiyo, pale Uraha, ndiko lilikopatikana taya la binadamu wa kale mwaka 1991. Mwambieni mwenyeji awaeleze pia habari za Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyenyongwa Karonga mwaka 1895, na vita vya Septemba 1914, Wajerumani waliposhuka kutoka upande wa Tukuyu kupigana na Waingereza. Mliotoka Rungwe mtakuwa mmepita njia yao. Kikundi kilichoanzia sokoni huingia humo na mabegi kichwani, nusu wamekaa nje kulinda mizigo. (Na ziwa tunaloliita Nyasa, kule ni Ziwa Malawi. Msianzishe ubishi huo dirishani.)

Fedha. Kwacha ya Malawi na ya Zambia zinafanana jina tu. Thamani ni mbingu na ardhi, na mtu aliyezoea Tunduma, mpakani na Zambia, huuziwa noti asizozijua. Wabadilishaji wa mtaani wana mchezo wa kukunja noti katikati ya bunda, ili ukihesabu ncha, noti moja uione mara mbili. Nyoosha kila noti, hesabu mwenyewe, ndipo utoe shilingi zako. Badilisha kidogo: kwacha zilizobaki ukivuka nazo huwa mzigo.

Sokoni mtangulizeni anayejua Kinyakyusa. Kingonde cha Karonga ni ndugu yake wa karibu, na salamu ya "ugonile" yenye lafudhi ya Tukuyu hushusha bei kuliko ubishi wa Kiswahili. Kitenge kigeuzeni nyuma muone kama rangi imepenya, kisha sugueni pembe yake kwa leso nyeupe iliyoloweshwa; leso ikitoka na wekundu, na shuka zenu zitatoka hivyo. Urefu upimwe kwa futikamba yenu, si kwa mkono wa muuzaji. Mchele wa kule uitwao Kilombero wanaousifu ni mtamu kweli, ila kubeba mchele ukipitia njiapanda ya Kyela, kunakolimwa mchele, ni kupeleka kuni msituni.

Kila mtu abebe alichonunua yeye na risiti yake. Vitenge 40 kwenye begi moja ni biashara mbele ya forodha, hata kama ni vya watu 20. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019, basi nendeni na vikapu. Na machipukizi ya migomba msiyaguse hata mkipewa bure: Malawi imepata hasara kubwa kwa ugonjwa wa virusi unaodumaza mgomba, majani yakasongamana juu kama ufagio. Chipukizi lenye virusi huweza kuonekana zima kabisa siku mnayolipakia kwenda Rungwe.

Mwandaaji wa safari za vikundi,
Uyole, Mbeya