Kwa Zuhura, kuhusu sauti iliyotoka nyembamba

Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana na anauliza lini utashuka kutoka Morogoro uje ukae naye japo wiki.

Wimbo uliourekodi nyumbani umenifikia, pamoja na malalamiko yako kwamba sauti imetoka nyembamba. Nimeusikiliza kwa hedifoni, nikausikiliza tena kwa simu, kisha nikamsikilizisha mama bila kumwambia nani anaimba. Alikujua kwenye ubeti wa pili, ulipopandisha. Ule wa kwanza, unaoimbwa chini kabisa, ulimpita. Hilo limeniuma, kwa sababu hapo chini ndipo ulipo utajiri wako. Kikundini ukishuka vile mpiga besi alikuwa akiinua uso kukutazama, na wewe hukuwa na maiki yoyote ya maana.

Unasema unataka kukopa ununue maiki ya bei kubwa. Nakusihi usikope. Hiyo uliyonayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Sauti nene hupatikana kabla haijafika kwenye kompyuta, na wewe bado hujaipa maiki yako nafasi ya kuisikia. Bruce Swedien, fundi wa kurekodi, alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, maiki ya dainamiki inayopendwa na watangazaji wa redio, wakati studio kubwa zilikuwa na maiki za kondensa, zile nyeti zaidi, za thamani kubwa zaidi. Alijua amweke wapi mwimbaji wake.

Tuanze na hapo unaposimama. Kwenye ile picha uliyonitumia mgongo wako uko karibu na ukuta, maiki iko mbali nawe kiasi cha mkono mmoja, chini vigae, kuta tofali tupu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Sauti nzito haiendi mbele peke yake, inazunguka kichwa na kwenda nyuma pia. Ukuta ukiwa nusu mita nyuma yako, sauti hiyo inaenda, inagonga, inarudi, na kufikia hapo imetembea mita moja zaidi ya ile iliyotoka mdomoni moja kwa moja. Inachelewa kama sehemu 3 za elfu moja za sekunde. Zikikutana kwenye maiki, kuna masafa, yaani kasi za mtetemo wa sauti, yanayosaidiana na mengine yanayofutana, na kwa umbali huo ya kwanza kufutana yako karibu na hezi 170, yaani mitetemo 170 kwa sekunde. Zuhura, hapo ndipo zinapokaa noti zako za chini! Ukuta unazila, halafu wewe unalaumu koo.

Kwa hiyo toka ukutani. Njoo kama theluthi ya chumba, usisimame katikati kabisa wala kwenye pembe, kwa sababu pembeni besi hujikusanya na kuvuma. Nyuma yako simamisha godoro, lile nene la mgeni, na juu yake tupia blanketi zito. Wengi huweka magodoro nyuma ya maiki, lakini maiki ya aina yako inasikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake upo wewe na kila kilicho mgongoni kwako. Funika huko kwanza. Kabati la nguo lifungue milango, nguo zilizojaa hunywa sauti vizuri. Zile trei za mayai ulizobandika haziwezi kugusa sauti nzito, ni nyepesi mno. Zinapunguza mng'ao kidogo wa juu na kukuachia vumo lote la chini. Khanga nazo ni hivyo hivyo, ukuta utapendeza lakini hautanyamaza.

Kisha sogea. Anza shibiri moja kutoka kwenye maiki. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti yako ya moja kwa moja hupanda kwa karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa, kwa hiyo ule ukuta unakosa nguvu. Tena maiki hizi zina tabia ya kuongeza besi mdomo unapokaribia. Itumie tabia hiyo kama sehemu ya kuimba: kwenye ubeti wa kwanza ingia mpaka nusu shibiri na uimbe kama unamwambia mtu aliye karibu nawe, unapopandisha, rudi nyuma. Wakongwe wa taarab hufanya hivi jukwaani bila kufundishwa. Rekodi ya nyumbani inakuruhusu kufanya kwa utulivu zaidi, na ndiyo maana nasema chumba chako kinaweza kukupa kitu ambacho ukumbi haukupi.

Utakapokaribia, zile "p" na "b" zitapuliza. Usiimbe moja kwa moja ndani ya maiki, iweke kidogo kando ielekee pembe ya mdomo, na katikati weka kichujio. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa kwenye duara la waya inafanya kazi hiyo vizuri.

Zima feni, subiri boda za jioni zipungue, na mvua ikianza kugonga mabati acha, urudi kesho. Rekodi kwa biti 24, na pale unapotoa sauti kubwa kuliko zote kipimo cha sauti kwenye kompyuta kisomeke kati ya desibeli -12 na -6. Huna haja ya kukisukuma kifike sifuri.

Sasa kiitikio, na hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko kote. Umeniandikia kwamba ulinakili traki yako, ukaibandika chini yake, na haikuongezeka kitu isipokuwa kelele. Ndivyo inavyokuwa. Nakala ile ile juu ya nakala ile ile ni sauti ile ile iliyopandishwa. Ukiichelewesha kidogo unarudi kwenye balaa lile lile la ukuta, masafa yanafutana. Sikio linahisi unene pale linaposikia mtu yuleyule akiimba jambo lilelile kwa tofauti ndogo zisizokoma: noti imekaa juu nywele moja, pumzi imewahi, mtetemo haukulingana. Hizo hazipatikani kwa kunakili. Inabidi uimbe tena.

Mpiga gitaa Les Paul na mkewe, mwimbaji Mary Ford, huko Marekani, walikuwa wakifanya hivyo nyumbani kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mary aliimba, akaimba juu ya sauti yake, na tena, mpaka mwanamke mmoja akasikika kundi zima. Miaka ya baadaye kina Beatles, lile kundi la Uingereza, walichoshwa na kuimba kila kitu mara mbili, mwimbaji wao John Lennon hasa, na mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio ya EMI ya Abbey Road, London, akabuni njia ya kupata sauti ya pili kwa mashine za tepu. Angalia hata yeye alichokifanya: nakala ile aliichelewesha na kuiyumbisha kasi yake, kwa sababu bila kuyumba haina maana. Wewe una koo na usiku mzima, huhitaji mashine ya Townsend.

Unapodabo, yaani unapoimba tena juu ya sauti yako, sauti ya kwanza iweke hedifoni sikio moja tu, lingine liache wazi ujisikie. Kiswahili kinatusaidia, silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo irabu zikitangulia au kubaki kidogo haziumizi, zinaongeza upana. Kinachoumiza ni "s", "sh" na "ch" zinaposikika mara tatu tatu. Kwenye sauti za pili na za tatu zitamke kwa ulegevu, karibu uzimeze, uiachie sauti ya kwanza peke yake ndiyo iyaseme maneno. Badili pia mahali: sauti ya pili rudi hatua moja nyuma, ya tatu geuka kidogo na uimbe kwa koo jingine, lile jembamba la kuwaigiza waitikiaji wazee. Mwisho imba moja ya chini kabisa, oktavu nzima ikiwezekana, kwa kunong'ona nusu. Haitasikika kama mtu, lakini ukiizima utahisi kiitikio kimepungua.

Sauti ya kwanza ikae katikati, mbili zipeleke kushoto na kulia, ziwe chini kwa desibeli 8 hadi 10. Na nakuomba, ubeti uache na sauti moja. Ubeti ni wa mwimbaji, kiitikio ni cha watu. Ukijaza kote, hakuna mahali patakaposikika pamejaa.

Kwenye kumiksi, yaani kuchanganya sauti zote pamoja, nina machache. Kata chini ya hezi 80, usipande zaidi ya hapo kwa sauti yako. Wanaokwambia ondoa sana kati ya hezi 200 na 400 kwa sababu kuna tope, usiwafuate kabla ya kusikiliza. Kata desibeli 2 tu ukiona lazima, kwa sababu huko ndiko mwili wa sauti ulipo. Afadhali ukate huko huko kwenye kinanda chako, au umpandishe mpiga kinanda oktavu moja, maana mkono wake wa kushoto unapiga palepale unapoimba. Hilo la kinanda ningeanza nalo kabla ya plagini yoyote, zile programu ndogo za kurekebisha sauti. Kompresa, ile inayobana sauti inapozidi, iwe 3 kwa 1, ipunguze desibeli 3 hadi 5 unapozidisha, si zaidi. Kisha ongeza ukwaruzo kidogo sana, kwa ile plagini inayoiga mashine ya tepu. Wengi watakusikiliza kwa spika ya simu, ambayo haitoi sauti nzito, lakini ukwaruzo ule huzalisha masafa ya juu yanayotokana na noti ya chini, na sikio likiyasikia hayo hujaza lenyewe noti iliyokosekana. Mwangwi uwe mfupi, uchelewe kama sehemu 30 za elfu moja za sekunde ili neno litangulie, na uukate chini ya hezi 200.

Nitumie ubeti wa kwanza peke yake, mkavu, bila kompresa wala mwangwi, ukiwa umeuimba kwa shibiri na kwa nusu shibiri, mafaili mawili. Nitayasikiliza na mama na nitakupigia Jumapili baada ya adhuhuri. Habari za mkopo tuziache mpaka hapo.

Wasalimie watoto wote.

Shogayo,
Mwanahawa