Mwanaidi, pole ya bi mkubwa

Mwanaidi shoga yangu,

Assalam alaykum. Watoto hawajambo? Sisi wazima, Morogoro mvua tu, nguo hazikauki wiki ya pili hii. Haya, salamu zimeisha, maana nikizirefusha nitafuta yote kama nilivyofuta ya juzi na ile ya Ijumaa.

Nimeona kwa status ya Mama Salha. Picha ya bi mkubwa kajifunga kanga ile ya korosho, nikadhani ni ya Idi, nikasogeza chini nikakuta Inna lillahi. Nilikaa chini palepale jikoni. Na leo wiki tatu zimepita sijapiga simu, sijatuma hata rambirambi, na najua umehesabu nani kaja na nani hajaja kwa sababu hata mimi ningehesabu. Pole Mwanaidi. Pole sana mwenzangu. Alikuwa mama yako lakini miaka miwili ya sekondari mimi nilikula kwake, na siku ya kwanza alipoona nalia kwa nyumbani hakuniuliza kitu, alinisogezea sahani ya mihogo akaendelea kukuna nazi.

Sasa usicheke. Aliyenifanya niandike ni mama mmoja wa Marekani aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Asha wa kaka kapewa kazi ya chuo, barua ambazo watu walikuwa wanamwandikia rais Thomas Jefferson alipokuwa madarakani, 1801 mpaka 1809, akanibebesha mimi kile Kiingereza cha zamani, si unajua kwetu mimi ndo mwalimu wa ukoo. Barua ziko bure mtandaoni, hifadhi yao ya nyaraka imeziweka. Yaani rais wa watu alikuwa anaandikiwa kila kitu. Wa kuomba kazi, wa kuomba hela, wa kumtukana bila kutia jina. Wakulima wa mji unaitwa Cheshire walimletea jibini moja, peke yake ratili 1,235, zaidi ya kilo 500, na barua juu. Mmoja wa Boston, fundi mapipa, 1808, amri ya Jefferson ya kuzuia meli zisiende nje imemlaza njaa, anamwambia nimekubaliana na rafiki zangu wanne niwape dola 400 wakupige risasi usipoiondoa amri yako kufika tarehe 10 Oktoba. Halafu humohumo analalamika kajipatia kijumba kwa kibarua, sasa ale nini, nyumba hailiki! Nilicheka halafu nikajuta kucheka.

Lakini iliyonishika ni ya Abigail Adams, ya tarehe 20 Mei 1804. Huyu ni mke wa John Adams, rais aliyemtangulia Jefferson. Walikuwa marafiki hasa hawa, walikaa Ulaya wakati mmoja, Jefferson yuko Paris anamnunulia mama viatu, mama yuko London anamnunulia mashati na vitambaa vya meza, kama sisi na mizigo yetu ya basi la Tanga. Halafu ikaja siasa. Uchaguzi wa 1800 Jefferson akamwangusha Adams, na siku ya kuapishwa Adams aliondoka mjini alfajiri, hakusubiri hata kumpa mwenzie mkono. Kimya kikaingia. Miaka mitatu na zaidi.

Aprili 1804 akafa Polly, binti yake Jefferson, miaka 25, ametoka kujifungua miezi miwili tu. Sasa huyu Polly, 1787, akiwa na miaka minane, alivushwa bahari kumfuata baba yake, yeye na msichana mtumwa wa miaka 14, Sally Hemings (hilo jina lina hadithi yake, siku nyingine), na waliposhuka London aliyewapokea ni Abigail. Mtoto kamng'ang'ania kapteni wa meli hataki kumwacha. Kakaa kwa Abigail kama wiki mbili, na baba hakwenda kumchukua mwenyewe, alituma mtu, mtoto akamkumbatia Abigail shingoni analia hataki tena kuondoka. Mtoto aliyekaa naye wiki mbili tu! Miaka 17 baadaye mama anasoma kwenye gazeti kwamba kafa, anakaa anaandika. Na mumewe hamwambii.

Anamwambia Jefferson wazi kabisa, ungekuwa mtu wa kawaida umekaa zako nyumbani kwako Monticello ningeshakuandikia zamani. Yaani urais ndio uliokuwa unamzuia. Na mwisho hasemi "rafiki yako", anajiita yule ambaye zamani aliona raha kujiandika rafiki yako. Mwanaidi, nilisoma pale mara nne. Mama kafiwa na mwanawe mwenyewe mwisho wa 1800, anajua anachokisema, na bado hakutaka kudanganya kwamba mambo yako sawa.

Jefferson akajibu Juni. Barua nzuri, anashukuru, anasema Polly hakumsahau. Angeishia hapo! Mtu unapewa pole unasema ahsante. Yeye akaona aweke na "ila" yake, kwamba katika maisha yote ya Bwana Adams ni kitu kimoja tu kilichomuuma yeye binafsi, zile kazi alizogawa dakika za mwisho kabla ya kutoka, aliwapa maadui zake Jefferson. Huyo mama naye si wa kunyamaza, akamrudishia habari za Callender, mwandishi aliyemtukana mumewe huku Jefferson akimpa hela, na baadaye huyohuyo akamgeukia Jefferson mwenyewe. Nyoka uliyemfuga ndiye aliyekuuma, kamwambia hivyo. Barua saba kwa jumla, nne za mama tatu za rais, Oktoba mama akasema nafunga. Polly yuko wapi humo? Hayupo. Kafa mtoto wanagombania vyeo.

Novemba mama akampa mumewe zote azisome. Mzee akaandika chini ya nakala kwamba yote yalifanyika yeye hajui wala hashuku, na kwa sasa hana la kusema. Basi! (Baba Salum akiniletea hiyo siku moja nitamwelewa.) Wazee wenyewe walikuja kuandikiana tena Januari 1812, Adams ndiye aliyeanza.

Mimi hiyo "ila" ndiyo sijaimaliza. Asha anasema Jefferson alikuwa mkweli. Mkweli wa nini, siku ya msiba? Mimi nimeshaandika hapa mara tatu "sitaki kuanza habari za kikoba ila", nikafuta. Unajua ninachotaka kusema na mimi najua utakachojibu, kwamba zamu ilikuwa ya Kibwana na daftari unalo. Sawa. Daftari likae. Yale maneno niliyokuambia mbele ya wanachama sikutakiwa kuyasema, hata kama ile hela... ona, nshaanza. Tuache.

Niambie, arobaini mnasoma lini, na ni pale nyumbani au kwa kaka yako? Nikija utanifungulia mlango wewe au nimpitie kwanza Bi Rehema aje na mimi? Aliugua siku nyingi? Nani alikuwa naye? Aliwahi kuniulizia? Usinifiche hapo, hata kama alisema kitu kibaya. Na yule paka wake anakula kwa nani sasa? Na lile bakuli la bati la bluu alilonifungia samaki ile safari ya mwisho, bado ninalo, nije nalo au nibaki nalo?

Wako,
Zuhura