Safu ya "wengineo" ivunjwe, samaki wa Mto Mara waandikwe kwa majina yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wakubwa wa uvuvi na wa maji, hasa wanaosimamia Mto Mara. Daftari la mwalo wetu, yaani pale mitumbwi inapotua na samaki, huku karibu na Daraja la Kirumi, limepangwa kwa ajili ya ziwa. Lina safu ya sangara, ya sato, ya dagaa, na mwishoni kabisa kuna safu nyembamba ya "wengineo". Sisi tunavua mtoni na kwenye mafunjo, kwa hiyo sehemu kubwa ya samaki wetu inaishia kwenye safu hiyo ya mwisho, kwa kilo, bila majina. Ombi langu ni kwamba safu hiyo ivunjwe na kila samaki aandikwe kwa jina lake, kwa sababu hao tunaowarundika pamoja ndio wanaoijua hali ya mto kuliko mtu yeyote.

Mimi ni mchuuzi. Alfajiri nanunua samaki kwenye mitumbwi, wengine nawauza wabichi, wengine nawabanika na kuwapeleka Musoma. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, wenzangu wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia mwalo, walinipa na kazi ya kuandika daftari. Sina cheti cha uvuvi. Nina macho, nina mikono iliyozoea samaki, na nina uchungu na mto huu kwa sababu ndio uliosomesha watoto wangu.

Hao wengineo ni akina nani? Kuna ningu, ambaye mdomo wake umekaa chini ya kichwa, naye hula kwa kukwangua mawe na tope. Mvua kubwa zikianza huacha ziwa na kupanda mto kwa makundi kwenda kutaga, na ndipo unamkuta tumbo limejaa mayai. Kuyu naye hupanda. Yeye anapenda maji yanayokwenda kasi, yenye mawe na hewa ya kutosha. Domodomo anachokonoa tope kwa mdomo wake mrefu akitafuta wadudu wachanga wa majini. Gogogo, yule mwenye miiba inayotuchoma vidole, anaokota chochote kilichoanguka chini. Nembe na hongwe huwinda samaki wadogo. Furu ni wengi na wa aina nyingi, na huishi kandokando kwenye majani.

Kila mmoja hapo ana sharti lake. Udongo wa mashamba ukishuka na mvua ukafunika mawe, ningu na kuyu wanakosa pa kula, na mayai yanazikwa. Wadudu wa chini wakifa, domodomo analala njaa kabla mimi na wewe hatujaona badiliko lolote kwenye rangi ya maji. Samaki wadogo wakiisha, zamu ya hongwe inafuata.

Kambare na kamongo ni watu wengine kabisa. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya huku nje, na kamongo ana mapafu. Maji yakikosa oksijeni wao wanapanda, wanavuta pumzi, wanashuka, maisha yanaendelea.

Sasa chukua asubuhi mbili. Asubuhi ya kwanza mtumbwi unaleta kilo ishirini: ningu, kuyu wawili watatu, domodomo, gogogo, nembe na kambare mmoja. Asubuhi nyingine, miaka kadhaa baadaye, mtumbwi uleule unaleta kilo ishirini za kambare na kamongo watupu. Kwa mfuko wangu siku zote mbili ni nzuri, maana kambare ana soko. Kwenye daftari pia ziko sawasawa: wengineo, kilo 20. Lakini kati ya asubuhi hizo mbili mto umeugua, na ofisi iliyopokea takwimu zetu haina namna yoyote ya kulijua hilo. Mwaka hadi mwaka tunapeleka taarifa zinazoficha ugonjwa ambao kila anayeparua samaki ameuona.

Na ugonjwa huo unaonekana hata kwa samaki mmoja mmoja. Chukua kuyu aliyetoka sasa hivi kwenye mgono, mnyanyue kifuniko cha shavu. Matamvua ya samaki mwenye afya ni mekundu, yamepangika, maji yanapita kati yake bila kugandisha kitu. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, mto ukishuka na rangi ya chai ya maziwa, nakuta matamvua yamejaa utelezi wa udongo, rangi imefifia, na ukipitisha kidole unatoka na tope. Samaki huyo alikuwa anakabwa akiwa ndani ya maji. Wapo wanaokuja na vidonda ubavuni, wapo ambao mapezi yao yameliwa. Hao nao hakuna pa kuwaandika.

Nalisema hili nikikumbuka Machi 2022, ambayo watu wa Mara hatuwezi kuisahau. Maji ya mto yaligeuka meusi huku kwetu, samaki wakaelea, uvuvi na matumizi ya maji vikasimamishwa. Serikali iliunda kamati, na kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuridhika, wakasema ni sumu ya migodi. Ubishi ule sitaki kuufufua. Nataka kuuliza: nani alikuwa na orodha ya samaki waliokuwa wakiishi pale Februari? Nani aliandika ni aina gani walielea siku ya kwanza na ni aina gani walibaki wazima? Kila mtu mwaloni ana orodha yake kichwani, na orodha hizo hazifanani.

Ingesaidia sana. Wakifa ningu, kuyu na furu huku kambare na kamongo wakibaki wanahema juu ya maji, unaanza kushuku kwamba oksijeni imekwisha. Wakifa na hao wenye uwezo wa kuvuta hewa ya nje, unashuku kitu kingine, na unakimbilia vipimo vya sumu siku hiyohiyo. Dalili si hukumu, lakini mganga asiyeuliza dalili atatibu nini?

Tena mtu asidhani kila samaki anayeelea ameuawa na binadamu. Mwaka 2018 watafiti Christopher Dutton na Amanda Subalusky pamoja na wenzao walitoa matokeo ya kazi yao huko juu, upande wa Kenya, kwenye viboko zaidi ya 4,000 wa mto huuhuu. Kinyesi cha viboko hujaa kwenye mabwawa wanamokaa, mvua ikija inakisukuma chote mtoni kwa mkupuo. Kwa miaka mitatu walihesabu mara 49 ambapo mafuriko ya namna hiyo yalishusha oksijeni ya mto, na mara 13 kati ya hizo ilishuka mno, mara nyingine mpaka samaki wakafa. Huo ni mto wenyewe na wanyama wake. Ndiyo maana kusubiri samaki waelee ndipo tuanze kuulizana ni kuchelewa: wanaweza kuelea kwa sababu ya viboko, na wanaweza kwisha kabisa kwa sababu yetu bila hata mmoja kuelea.

Wenzetu wamekwisha kuipa kazi hii utaratibu. Mwaka 1981 mwanasayansi wa Marekani, James Karr, alipendekeza kipimo cha afya ya mto kinachotumia samaki. Alikuwa na vigezo 12: aina ngapi zimepatikana, wangapi kati yao ni wale wasiovumilia uchafu, wangapi ni wavumilivu, nani anakula wadudu, nani anakula wenzake, wangapi wana vidonda au maumbile yenye kasoro, na kadhalika. Kila kigezo hupewa alama 1, 3 au 5, ukijumlisha unapata kati ya 12 na 60. Wala tusiseme ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Watafiti wa Kenya, Raburu na Masese, walikitengeneza upya kipimo hicho kwa mito yetu ya bonde la Ziwa Victoria, Nzoia, Nyando na Sondu-Miriu, ambayo samaki wake ni hawahawa: ningu, kuyu, kambare, gogogo.

Wala haihitaji meli. Mto Thames wa London ulihesabiwa kuwa umekufa mwaka 1957. Ulipoanza kusafishwa, mtaalamu wa samaki Alwyne Wheeler aliomba mitambo ya umeme ya kandokando imwekee samaki waliokuwa wakinaswa kwenye vichujio vya maji yake ya kupozea. Kwa samaki hao, ambao vinginevyo wangetupwa, aliweza kuonyesha aina moja baada ya nyingine ikirudi. Sisi tuna mitumbwi inayotua kila asubuhi na watu wanaomjua kila samaki kwa jina. Tunachokosa ni safu za kuandikia.

Najua nitajibiwa kwamba samaki wanapungua kwa sababu wanavuliwa, si kwa sababu maji yamechafuka. Ni kweli, na sisi wa mialoni tumo. Ningu alikwisha kuporomoka tangu katikati ya karne iliyopita kwa sababu ya nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito wakati akipanda kutaga, na leo yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nyavu zinazoziba mdomo wa mto msimu wa masika zinaniuma kuliko uchafu wowote, maana ni kumnyima mama nafasi ya kuzaa. Lakini hilo nalo litajulikana kwa majina. Wakipungua ningu na kuyu, wanaopanda kwa makundi, huku domodomo na furu wakiwa palepale, mimi naangalia nyavu kwanza. Wakipungua wote isipokuwa kambare na kamongo, naangalia maji. Kwa kilo za jumla huwezi kutofautisha.

Kuna na hili la zebaki, ambalo huku kwenye wachimbaji wadogo wa dhahabu si siri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, jambo jema. Zebaki ikiingia mtoni huhama kutoka kwa mdudu kwenda kwa samaki mdogo, na kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, ikizidi kila hatua, hata chupa ya maji inayopelekwa maabara inaweza isionyeshe kitu huku nyama ya samaki anayewinda ikiwa imebeba ya miaka. Kule Japani, mwaka 1965, watu wa Niigata waligunduliwa kuugua kwa kula samaki wa Mto Agano, na kiwanda kilichotoa zebaki kilikuwa mbali juu ya mto. Mimi nauza samaki kwa akina mama wajawazito. Nikijua aina gani inafaa kupimwa na kutoka sehemu gani ya mto, nitakuwa wa kwanza kumtoa mmoja kwenye beseni langu nimpe mtaalamu bila malipo.

Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Nimechora mistari kwa rula ndani ya ile safu ya mwisho na kuandika ningu, kuyu, domo, gogo, nembe, hongwe, furu, kambare, kamongo, na alama ya msalaba kwa mwenye vidonda. Haimchukui mtu dakika nyingi, maana samaki wanachambuliwa hata hivyo kabla ya kupimwa kwenye mzani. Bei zao si moja. Tatizo ni kwamba takwimu zikipanda ngazi ya juu zinajumlishwa tena kuwa wengineo, kwa sababu fomu ya huko haina pa kuziweka. Ofisa mmoja aliniambia nisijisumbue. Nimeendelea kujisumbua.

Kwa hiyo naziomba TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria zikae pamoja na maofisa uvuvi wa Butiama na Rorya, watutengenezee fomu moja ya samaki wa mtoni, yenye picha kwa ajili ya wale ambao majina yao ya kilugha yanatofautiana, kwa mialo yote kuanzia kwenye mafunjo mpaka mto unapoingia ziwani. Wenzetu wa Bomet na Narok wafanye hivyohivyo huko juu, kwa kuwa mto unaanzia kwenye milima ya Mau na hauonyeshi pasipoti mpakani. Siku ya Mara huadhimishwa kila 15 Septemba na nchi zote mbili. Hotuba huwa nyingi siku hiyo. Naomba miongoni mwake isomwe orodha ya samaki, mwalo kwa mwalo, nani yupo, nani ameadimika tangu mwaka uliopita, na waliotoa hotuba waulizwe kuhusu wale walioadimika.

Mchuuzi wa samaki na mwandishi wa daftari la mwalo,
Kirumi, Mara