Barua ya wazi kwa Kamishna wa Forodha: chupa hizi zisifunguliwe hewani

Mheshimiwa Kamishna,

Naandika kuhusu vichupa vya unga mweupe ambavyo maofisa wako huvikuta katika mizigo ya maabara. Unga huo ni fosforamiditi, yaani nyukleosidi (kijenzi cha herufi moja ya DNA) iliyovishwa kinga za kikemikali. Kwa unga huo tunaunda vipande vya DNA kwa oda, herufi baada ya herufi, kwa njia waliyoibuni Marvin Caruthers na Serge Beaucage mwaka 1981. Si mbegu wala kijidudu, na hauna uhai. Neno DNA kwenye hati lisiwatie maofisa wasiwasi.

Adui yake ni unyevu. Chupa hufungwa ikiwa na gesi ya argoni, na ghalani hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ikibaki imefungwa, joto la siku chache si tatizo kubwa. Lakini ikifunguliwa mezani ili unga uchotwe, hunyonya maji ya hewani na kupoteza uwezo wa kuungana, na kwa macho huwezi kutambua.

Niliwahi kupokea chupa ya namna hiyo, lakiri ikiwa imekatwa. Ilikuwa nyukleosidi ya T, mojawapo ya herufi nne za DNA, iliyopachikwa biotini, vitamini inayotumika kama ndoano, ambayo hutuwezesha kunasa DNA tunayoitafuta ndani ya sampuli. Katika kila mzunguko, asidi inapoondoa kinga, hutokea rangi ya chungwa inayotuonyesha kwamba herufi iliyotangulia imeshika. Baada ya herufi ile, rangi ilikuja hafifu mno. Kazi ya siku nzima ikaishia hapo.

Kipande cha herufi 20 kina maungio 19. Kila ungio likifaulu kwa asilimia 99, vipande 83 hivi kati ya 100 hukamilika. Kiwango kikishuka hadi 95, hubaki 38 tu. Na nyukleosidi hizi zilizorekebishwa huuzwa kwa vipimo vidogo mno. Hakuna akiba ya kurudia.

Ukaguzi ni haki yenu, siupingi. Naomba mpokee cheti cha uchambuzi cha mtengenezaji, na mzigo unaosubiri uwekwe kwenye friza. Pakiwa na shaka ya kweli, tupigieni simu kabla ya kukata lakiri. Tutafika siku hiyohiyo na mtungi wa argoni, sampuli ichukuliwe mbele yenu pasipo hewa kuingia.

Wako mtiifu,
Mkemia wa usanisi wa DNA